Kilima Bila Klova

Lubero, Zaire
12 Januari 1975

Ndugu yangu Tajudin,

Barua hii unapewa na Bibiane. Mpe chai kwanza, maana amekuja nayo juu ya lori la maharage na mgongo unamuuma. Akishakunywa ndipo usome.

Huku tu wazima. Hortense anakusalimu. Emérence wetu, yule aliyezaliwa katika chumba chenu cha uani tulipokuwa wakimbizi, sasa anakamua ng'ombe, na mimi nikikamua ananicheka. Mwambie Shamsia kwamba kitovu alichokifunga kwa uzi wa kushonea kofia ni kizuri mpaka leo.

Nina jambo. Sisi watu wa kilima hiki tumekubaliana. Kila mtu ametoa kipande chake, nyua zimevunjwa, na kilima kizima kimekuwa malisho ya pamoja ya ng'ombe wa maziwa. Hawa ni watu waliolima viazi hapo tangu babu zao. Wamekubali kwa sababu nilisimama mbele yao nikasema, nina rafiki Kampala, kazi yake ni malisho, atatuchagulia mbegu. Kwa hiyo jina langu na jina lako yapo kilimani pamoja, na kama majani hayakumea sijui nitawatazama vipi.

Tunataka yale majani ya raigrasi na klova, kama ulivyonionyesha kule Kigezi, kwenye vishamba vyako vya majaribio, kila aina na kibao chake. Ulisema ziko aina mpya. Ipi inavumilia baridi yetu? Ipi haifi ikikanyagwa? Na klova, tupande nyeupe au nyekundu? Chagua wewe, mimi nitapanda tu. Ulivyotuchosha safari ile! Mtu mzima wa mjini amepiga magoti matopeni, anatafuna ua la klova na kuniambia, "Onja, Zéphyrin, lina asali." Nikaonja. Langu lilikuwa na sisimizi.

Mvua za kupandia zinaanza Machi, na Bibiane atarudi huku kabla ya hapo.

Jina la Zéphyrin siku hizi halitakiwi kwenye karatasi zetu, serikali imepiga marufuku majina ya Kizungu. Ninyi endeleeni kuniita mlivyozoea. Nyumba yenu haina polisi.

Mumbere


Bukoto, Kampala
2 Februari 1975

Shemeji Zéphyrin,

Barua imefika na Bibiane amekunywa chai. Nimefurahi kusikia habari za kitovu.

Tajudin hayupo, amesafiri kikazi, na safari zenyewe zimekuwa ndefu. Kwa hiyo nakujibu mimi. Usinicheke, nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini mbegu hizi nimeishi nazo. Sahani zangu za chai zimekaa dirishani miaka yote, zimefunikwa vitambaa vya maji, bwana anatazama ngapi zimeota. Mgeni akija naazima sahani kwa jirani.

Humu nyumbani kuna aina tatu za raigrasi. Ya kwanza anaiita Haraka. Inaota upesi na inapendeza macho, ila baada ya mwaka imekwisha. Ya pili anaiita Mkaaji. Hiyo inachelewa mpaka unakata tamaa, lakini ikishashika udongo haiondoki, na kwato haziisumbui. Ya tatu ni mpya, ina jani pana kama utepe, na ng'ombe huikimbilia. Lakini kule Kigezi, miezi ya ukungu, ilipata kutu, jani zima likawa na madoa ya rangi ya chungwa.

Nimekufungia Mkaaji kwa wingi na Haraka kidogo. Haraka itafunika kilima mwaka huu wa kwanza, watu waone kijani wasivunjike moyo, na Mkaaji itakuja chini yake polepole. Ile mpya nimeiacha kwa sababu ya ukungu wenu. Changanya mbegu na mchanga mkavu unapozitupa ili zisipeperuke, wala usizifukie sana.

Msalimie Hortense, na umbusu Emérence kwa ajili yangu.

Shemeji yako,
Shamsia


Lubero
9 Machi 1975

Tajudin, ndugu yangu,

Najua umesharudi, maana hakuna safari ya serikali isiyokwisha. Barua ya mkeo nimeisoma mbele ya watu wote wa kilima. Mzee mmoja hapa, mtu wa mzaha, akauliza, "Huyo mama ni daktari wa majani?" Nikasema ni mke wa daktari. Akasema, "Basi mwacheni daktari alale, sisi tuandikiwe na mke."

Lakini klova iko wapi? Nimefungua mifuko yote, hamna. Nikamuuliza Bibiane kama imeanguka njiani. Ni kosa nililofanya! Alisimama, akashika kiuno. "Mimi wakati wa vita nilibeba watoto wawili kutoka Beni mpaka Kampala na sikumwangusha hata mmoja. Leo nitaangusha majani?"

Ni wewe uliyenifundisha, Tajudin. Uling'oa klova ukanionyesha vile vinundu vya kwenye mizizi, ukasema humo ndimo chakula cha raigrasi kinamopikwa. Ukasema kupanda raigrasi peke yake kwenye udongo uliochoka ni kama kuoa mke ukamnyima jiko. Na udongo wetu, kwa viazi vile vyote, umechoka kabisa.

Raigrasi napanda wiki hii, mvua haingoji. Klova itume kwa mtu yeyote utakayempata. Hata ya kujaa kiganja.

Mumbere


Bukoto, Kampala
30 Machi 1975

Shemeji Zéphyrin,

Tajudin bado yuko safarini. Amesema klova haiwafai. Amesema inavimbisha ng'ombe matumbo na ni afadhali muikose. Amesema raigrasi inatosha.

Najua utashangaa. Tafadhali usimwandikie tena juu ya klova. Mkihitaji Mkaaji zaidi niambie mimi.

Mvua imeanza na Bwaise imejaa maji kama kila mwaka. Jana nilikwenda soko la Kalerwe kununua ndizi. Nilivaa lile gauni la maua ya njano, Hortense atalikumbuka, alinishonea mlipokuwa mnaondoka kurudi kwenu. Watu walinisifu.

Shamsia


Lubero
22 Juni 1975

Tajudin,

Safari hii nakuandikia wewe, si mkeo.

Raigrasi iliota vizuri na watu walinipigia makofi. Tukaingiza ng'ombe mara ya kwanza, wakaikata, na tangu siku hiyo haijasimama. Imekuwa njano kama mtu mwenye homa ya ini. Katikati ya mashina udongo uko wazi, na mvua za mwisho zimeushusha mtoni. Maziwa yamepungua. Wapo wanaosema tulime viazi vyetu tena na kila mtu arudishe ua wake. Yule mzee wa mzaha ananiita Bwana Nina-Rafiki-Kampala, na wajukuu zake wamejifunza.

Nilikuwa nakutetea. Lakini hapa tuna Kakule, yule fundi wa baiskeli unayemfahamu, ambaye mwishoni mwa mwaka jana alikuwa Kampala kununua vipuri. Jumapili, mbele ya watu, ametuambia alikuona Kalerwe. Ulikuwa ndani ya motokari ya wakubwa wa jeshi, umekaa nyuma, katikati ya mabwana wawili wenye miwani ya jua. Gari lilizuiwa na mikokoteni ya ndizi. Kakule akakuita, "Tajudin! Tajudin wa malisho! Ni mimi, Kakule wa Lubero!" Ukamtazama usoni. Kisha ukageuza kichwa.

Nikasema labda hakusikia. Kakule akasema, "Alisikia. Alinitazama kama hajapata kuniona tangu azaliwe."

Basi nimeelewa. Klova ni ya mashamba ya wakubwa, na sisi wa milimani tunapewa mabaki. Na mkeo unamtuma aandike uongo, amesema hivi, amesema vile. Wewe uliyelala sakafuni ili Hortense apate kitanda siku ya uchungu! Ungesema tu, Zéphyrin, sina nafasi, ningevumilia. Lakini wewe, wewe, kutuambia klova haifai? Naona haya mbele za watu kwa ajili yako.

Usinijibu.

Mumbere


Bukoto, Kampala
13 Julai 1975

Shemeji Zéphyrin,

Nimeisoma barua yako jikoni, nimesimama. Mengine yote ningeyanyamazia. Lakini si hilo la kwamba hakuitikia salamu. Tajudin aliitikia salamu za watoto na za wendawazimu. Aliitikia hata za kasuku wa jirani yetu Maimunah. Hilo siwezi kuliacha likae Lubero.

Alimsikia Kakule. Hakumwitikia ili wale mabwana wasijue kwamba ni mtu wake. Angemwitikia, Kakule naye angeingizwa garini. Mwambie.

Hiyo ilikuwa Novemba, na ndiyo siku yenyewe. Hakurudi. Mume wangu amekufa, shemeji. Sijapata kuliandika neno hilo kabla ya leo, na ona lilivyokaa upande kwenye mstari.

Kuna Meja aliyepewa shamba la Mhindi aliyefukuzwa, upande wa njia ya Gayaza. Aliiona raigrasi ng'ambo akaitaka. Tajudin akamwambia raigrasi ni ya milima ya baridi, huku chini joto litaiunguza. Badala yake akampandia klova bondeni kwenye unyevu, ikakubali kuliko alivyotegemea. Akawaonya watu wa shamba, ng'ombe wasiingie humo wakiwa na njaa, wala umande ukiwa bado mbichi, wapewe kwanza majani makavu, la sivyo watafura matumbo. Asubuhi moja askari wa Meja walifungua lango mapema. Ng'ombe walikuwa wamefungiwa tangu jana yake bila kula. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamelala chini wamefura. Meja akasema ni sumu. Akauliza nani kapanda majani haya.

Walimchukua Tajudin ofisini kwake, wakasema ni kwa maelezo mafupi.

Aliyekuja kuniambia ni Ochan, mchunga ng'ombe wa shamba lile. Hakutaka kuketi. Alisema, "Mama, usimngoje. Nimemwona kwa macho yangu, usiniulize wapi." Akafika mlangoni, akageuka. "Alikuwa na viatu vyake," akasema. Sijui kwa nini alisema hivyo. Nadhani alitaka kuniachia kitu.

Wewe umekaa nyumba moja nasi, unajua kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda. Miezi minne na siku kumi yuko ndani, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na watu wanamjia. Nilipomwambia Muhamadi, ndugu wa Tajudin, kwamba naanza kukaa, alifunga mlango kwanza.

"Eda ya nani?"

"Ya ndugu yako."

"Nani kakwambia amekufa? Hilo ndilo watakalokuuliza, shemeji. Serikali haijasema amekufa. Watataka jina la aliyekwambia, na utawapa, kila mtu huwapa."

"Sasa nifanye nini?"

Alikuwa analia. Akasema, "Nenda sokoni. Vaa nguo za rangi. Wakikuuliza, sema kasafiri."

Nikaenda sokoni.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilimwendea mwalimu wa madrasa, mzee anayeaminika, nikamweleza kila kitu na kumuuliza eda yangu niianze lini. Alihesabu kwa vidole. Akasema eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, uikae usiikae. "Yako imekwisha, mwanangu. Ilikwisha Machi. Hudaiwi kitu tena, hata ukitaka kuolewa ni halali yako." Alisema kwa huruma. Mimi niliona haya hata nikashindwa kuaga vizuri. Siku zangu za kumkalia mume wangu zimepita niko Kalerwe nabonyeza ndizi, na gauni la njano, na watu wananisifu. Wiki ile ile zinamalizika nilikuwa nakuandikia wewe, amesema, amesema.

Klova ilikuwepo. Mfuko wake uko kando ya ile mingine. Nilipokuwa nakufungia mbegu mkono wangu ulikwenda ukarudi. Niliiona kama ndiyo iliyomuua. Niliwaogopea pia ng'ombe wenu, na hilo ni kweli, ila si kweli yote. Kisha uliponiuliza nikamtia Tajudin maneno kinywani. Mtu wa malisho, nikamfanya aseme klova haifai! Nikikumbuka hivyo uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu chumbani.

Bibiane anaibeba barua hii kifuani. Ukishaisoma, ichome.

Shamsia


Lubero
17 Agosti 1975

Shemeji yangu Shamsia,

Nimeichoma kama ulivyoagiza. Nimekaa wiki nzima na kalamu. Sijui mtu anaandikaje kwa mwanamke ambaye amemtukania mumewe kaburini, na kaburi lenyewe hana.

Nilimwendea Kakule. Nilimkuta anaziba mpira wa baiskeli, nikamwambia ulivyoniambia. Hakuinua macho. Aliendelea kuusugua mpira mpaka ukatoboka mahali pengine. Kisha akasema, "Miezi yote hii nazunguka namsema. Na hii miguu ninayozungukia, ni yeye aliyeniachia."

Niliwakusanya wale wale niliowasomea barua zenu. Jina la Meja sikulitaja, wala la mchunga ng'ombe. Yule mzee wa mzaha alivua kofia. Tulikaa matanga siku tatu, hapa kwangu. Hatujui dua zenu, tukaimba nyimbo zetu, na Hortense akasema Tajudin hangeudhika, alikuwa akizisikiliza dirishani enzi zile na kukosea maneno. Wanawake wakauliza mjane yuko wapi. Hortense akawaambia, "Yuko Kampala, amevaa gauni la njano nililomshonea mimi, kwa sababu haruhusiwi kuvaa jingine." Hapo ndipo walipolia kweli.

Usitume klova. Sitaiomba tena, na hakuna mtu hapa atakayeiomba. Tukirudia viazi, tutarudia viazi.

Barua yangu ya Juni nakusihi uichome nayo. Nimejiuliza aibu yangu iko wapi hasa. Si kwamba sikujua, nani angejua? Ni kwamba nilikuwa tayari. Mtu mmoja kasema neno moja juu ya gari, nami nikaisahau ile sakafu aliyolala.

Mumbere Zéphyrin


Bukoto, Kampala
21 Septemba 1975

Shemeji Zéphyrin,

Msilime viazi. Bibiane anakuletea klova.

Ni nyeupe. Nyekundu nimeiacha, maana hiyo husimama wima, inafaa kukatwa na kubebwa, na baada ya miaka miwili inachoka. Nyeupe inatambaa. Kila inapogusa udongo inatia mzizi, na inapenda hasa yale mapengo unayoyasema katikati ya mashina. Raigrasi yenu haijafa. Hiyo ni Mkaaji, ina njaa tu. Waacheni ng'ombe waikate iwe fupi, mkwaruze udongo kwa reki, na mtupe mbegu juu mvua ikiwa inanyesha. Ni ndogo kuliko ufuta, msiifukie.

Udongo ulio kwenye kopo si uchafu, Bibiane asije akaumwaga. Klova ikienda ugenini inataka udongo wa mahali ilipowahi kumea, ndipo mizizi yake ipate vile vinundu. Koroga sukari kidogo kwenye maji, loweshea mbegu zinate, halafu uzigaragaze kwenye udongo huo na uzitupe siku hiyo hiyo. Ochan ndiye aliyeniletea, kutoka bondeni kwa Meja. Sijui sehemu nyingine yenye klova karibu na hapa. Niliuweka ndani siku kadhaa, maana kaburi sina. Kisha nikaona haya kuuficha na una kazi ya kufanya.

Ng'ombe wasiingie na njaa. Wasiingie na umande. Majani makavu kwanza. Haya amesema yeye, na safari hii ni kweli.

Sasa nikueleze habari ya sukari, kwa sababu sikuwa nayo. Huku haipatikani ila kwa foleni ya mkuu wa mtaa, na anapima kwa idadi ya watu wa nyumba. Tangu Novemba nimekuwa nachukua ya watu wawili. Ananiuliza, "Bwana bado safarini?" Nasema bado. Na nimeinywa, shemeji. Nimekunywa chai tamu kwa jina la Tajudin.

Safari hii nilingoja kwanza Ochan aache kazi. Amekwenda kwao kaskazini, mbali, na sijui kijiji, kwa hiyo wakiniuliza sina pa kuwaelekeza. Muhamadi nilimwambia asubuhi ile nitakalofanya. Nikaenda kupanga foleni.

Mkuu wa mtaa akasema, kwa heshima kama kawaida, "Nnyabo, bwana bado safarini?"

"Hapana."

"Aa, amerudi!"

"Hakurudi. Amefariki. Nipimie ya mtu mmoja."

Alitazama kushoto na kulia. Akainama, akasema polepole, "Nnyabo, chukua tu ya wawili uende zako."

"Ya mmoja," nikasema.

Nyuma yangu alikuwa Maimunah. Nilijua akisogea hatua moja tu mbali nami, wote watasogea, na sikuthubutu kugeuka. Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha kwa ile sauti anayogombania nayo samaki akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, mama Shamsia. Pole sana." Aliyekuwa nyuma yake, mama mmoja Mkristo nisiyemjua, naye akasema pole. Ikaenda hivyo, pole, pole, mpaka mwisho wa foleni, na wale wa mwisho sidhani walijua wanampa nani.

Wengine walinifuata nyumbani. Hakuna aliyeuliza amekufaje wala lini. Waliondoa viti, wakaketi sakafuni, na Maimunah akanifunika kichwa kwa kanga yake kwa kuwa yangu ilikuwa na maua mekundu. Alasiri Muhamadi akaja. Alisimama mlangoni anawatazama wanawake wote wale, na uso wake ulikuwa mbaya, nikadhani atawafukuza. Akavua viatu akaketi karibu na mlango. Alikaa hapo hapo mpaka magharibi, akiangalia nje kila gari likipita.

Kwa sheria sina eda, mwalimu alikwishaniambia. Nimekaa tu. Watu wanakuja, wengine kwa mlango wa uani. Kama kuna watakaokuja kuniuliza, bado hawajaja.

Siku ile ya kwanza nyumba ilijaa na mimi sikuwa na kitu cha kuwapa ila chai. Sukari ilikuwa ya mtu mmoja, na nilikuwa nimeshaiweka kwa ajili ya klova yenu. Niliwapa bila sukari. Maimunah akaonja, akakunja uso, akasema, "Msiba huu una chai chungu," na mtu mmoja akacheka, kisha wengine, na mimi. Niliona haya, shemeji. Ilikuwa haya ya mwenye nyumba yeyote aliyejiwa na wageni hajajiandaa. Nilikuwa nimesahau kwamba haya ya namna hiyo ipo.

Shamsia, mjane wa Tajudin